Ushindi Usioshawishi: Somo la Mashabiki wa Carlton kwa Mgonjwa na Mhudumu wa Afya

Mwanzoni mwa Aprili 2022, katika mji wa Melbourne nchini Australia, klabu ya Carlton iliishinda Hawthorn kwa tofauti ya alama 1 tu. Ulikuwa mchezo wa tatu wa msimu, na Carlton walikuwa wameshinda yote mitatu. Kwa klabu ambayo haikuwa imefuzu hatua ya mtoano tangu mwaka 2013, mwanzo huo ulistahili shangwe. Hata hivyo, mashabiki wengi waliondoka uwanjani wakiwa na mashaka. Timu yao ilikuwa imeongoza kwa zaidi ya alama 30, kisha ikaruhusu uongozi huo kuyeyuka karibu wote.

Swali walilojadiliana siku zilizofuata lilikuwa hili: je, matokeo mazuri yanatosha kuthibitisha kwamba kazi imefanyika vizuri? Swali hilo si la wapenzi wa michezo peke yao. Mgonjwa wa kisukari aliyepata kipimo kizuri siku ya kliniki anapaswa kujiuliza swali hilo hilo. Muuguzi aliyemhudumia mama aliyejifungua salama baada ya kucheleweshwa anapaswa kujiuliza pia. Makala haya yanaufuata mjadala wa mashabiki hao, yanatazama namna msimu ulivyoujibu, kisha yanaeleza unachoweza kutufundisha katika huduma za afya.

Mchezo wenyewe

Soka la Australia halifanani sana na soka lililozoeleka Afrika Mashariki. Sheria zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Uwanja wake una umbo la yai, na mpira wake pia. Kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani, nao huruhusiwa kuupiga mpira kwa mguu, kuudaka, na kuupasia kwa kuugonga kwa ngumi. Kila upande wa uwanja husimikwa nguzo 4. Mpira ukipita katikati ya nguzo mbili ndefu za kati, timu hupata goli lenye alama 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na nguzo fupi ya pembeni, timu huambulia alama 1. Mchezo una robo 4, na kila robo huhitimishwa kwa king'ora.

Wachezaji wenye asili ya Afrika Mashariki na maeneo jirani wameanza kujulikana katika ligi hiyo. Mmoja wao ni Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya kwa wazazi wenye asili ya Sudan Kusini.

Jambo la kuzingatia zaidi hapa ni namna msimamo wa ligi unavyopangwa. Timu ikishinda hupewa alama 4 za msimamo, iwe imeshinda kwa alama 1 au kwa alama 100. Timu zikilingana kwa alama hizo, hutenganishwa kwa asilimia: jumla ya alama ambazo timu imefunga tangu msimu uanze hugawanywa kwa jumla ya alama ilizofungwa, kisha jibu huzidishwa kwa 100. Timu iliyofunga 90 na kufungwa 60 ina asilimia 150. Iliyofunga 80 na kufungwa 79 ina asilimia 101 na sehemu ndogo. Kwa hiyo kila mchezo huacha kumbukumbu mbili: moja inasema nani alishinda, na nyingine inaeleza alishinda namna gani.

Kambi mbili za mashabiki

Baada ya mchezo ule na Hawthorn, hoja za mashabiki ziligawanyika katika kambi mbili.

Kambi ya kwanza ilishikilia kwamba ushindi ni ushindi. Carlton walikuwa na kocha mpya, Michael Voss, na wachezaji wengi walikuwa bado wanajifunza mfumo wake. Timu inayojenga upya, walisema, haiwezi kudaiwa ukamilifu mwezi wa kwanza. Zaidi ya hayo, kushinda mchezo ulioelekea kuponyoka ni dalili ya ukomavu, kwa maana timu dhaifu ingeupoteza. Alama 4 zimekwisha kuandikwa, na hakuna anayeweza kuzifuta.

Kambi ya pili haikukataa furaha, bali ilitazama mwenendo. Wiki moja kabla, Carlton waliishinda Western Bulldogs kwa alama 12, na huko nako walikuwa wameachia sehemu ya uongozi wao. Sasa jambo hilo lilikuwa limejirudia kwa ukali zaidi. Ikiwa timu inapungukiwa nguvu au mpangilio kila ifikapo nusu ya pili, walihoji, itakuwaje ikikutana na wapinzani bora? Alama 1 ingeweza kwenda upande wowote. Kujipongeza kwa bahati ni kujinyima nafasi ya kurekebisha kasoro.

Kila kambi ilikuwa na haki kwa sehemu. Kambi ya kwanza ilikumbuka kwamba matokeo yana uzito wake. Ya pili ilikumbuka kwamba matokeo ya mchezo mmoja ni ushahidi mwembamba, na kwamba jambo linalojirudia lina maana kuliko tukio moja. Wahenga walikwisha kuonya: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Msimu ulivyojibu

Wiki mbili baada ya mchezo wa Hawthorn, Carlton walicheza na Port Adelaide. Waliongoza tena kwa mbali, wakafuatwa tena, na wakashinda kwa alama 3. Hata hivyo ushindi uliendelea kuja. Baada ya michezo 10 walikuwa wameshinda 8, na mashabiki wenye mashaka walianza kuonekana kama watu wasioridhika na lolote.

Ndipo mambo yakabadilika. Katika michezo 12 iliyobaki, Carlton walishinda 4 tu. Walifika wiki nne za mwisho wakihitaji ushindi mmoja ili kujihakikishia nafasi katika timu 8 za mtoano, nao wakapoteza michezo yote minne. Dhidi ya Melbourne walifungwa goli la kuwazamisha katika sekunde za mwisho na kushindwa kwa alama 5. Wiki iliyofuata, mbele ya watazamaji zaidi ya 80,000, waliingia robo ya nne wakiwaongoza mahasimu wao wa jadi, Collingwood. Walishindwa kwa alama 1.

Siku hiyo hiyo Western Bulldogs waliishinda Hawthorn, na timu hizo mbili, Carlton na Bulldogs, zikawa na alama sawa katika msimamo. Kilichowatenganisha ni asilimia, na tofauti yao haikufika hata 1. Bulldogs waliingia nafasi ya 8. Carlton wakabaki nafasi ya 9, nje. Zile alama walizoziachia zipotee katika nusu za pili za michezo ya Machi na Aprili, ambazo wakati ule hazikuwazuia kushinda, zilikuwa zimehesabiwa zote kimyakimya hadi Agosti.

Lakini haki inataka upande wa pili nao uelezwe. Collingwood, katika msimu huo huo, walishinda michezo mingi kwa tofauti ndogo sana. Wengi walitabiri kwamba bahati yao ingekwisha. Ni kweli kwamba walitolewa katika nusu fainali na Sydney kwa alama 1. Lakini mwaka uliofuata, 2023, walitwaa ubingwa kwa kuishinda Brisbane kwa alama 4. Carlton nao, waliopoteza michezo mingi kabla ya katikati ya msimu huo wa 2023 na kuzama chini ya msimamo, walijirekebisha, wakashinda michezo 9 mfululizo na kufika nusu fainali. Ushindi mwembamba, basi, si hukumu ya kuanguka. Ni taarifa inayodai kuchunguzwa.

Kosa la kuhukumu kwa matokeo

Wataalamu wa saikolojia wana jina la kosa ambalo kambi ya kwanza ilikuwa karibu kulitenda: upendeleo wa matokeo. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Jonathan Baron na John Hershey, waliwapa washiriki visa vya maamuzi, vikiwemo vya kitabibu. Katika kisa kimojawapo daktari anaamua kumfanyia upasuaji mgonjwa wa moyo, akijua faida na hatari zake. Katika toleo moja mgonjwa anapona. Katika jingine anafariki. Taarifa alizokuwa nazo daktari wakati wa kuamua zilikuwa zile zile. Hata hivyo washiriki waliusifu uamuzi zaidi pale mgonjwa alipopona, na kuulaumu pale alipofariki.

Hatari yake katika tiba ni dhahiri. Uamuzi mbaya unaweza kufuatiwa na matokeo mazuri kwa sababu mwili una uwezo wa kujiponya, au kwa sababu ugonjwa haukuwa mkali kama ilivyodhaniwa. Mtoto mwenye mafua aliyepewa antibiotiki bila sababu atapona, na mzazi ataamini kwamba antibiotiki ndiyo iliyomponya. Mara nyingine ataidai, naye muuzaji wa dawa atampa. Ushindi umepatikana, lakini usugu wa dawa umepewa nafasi ya kukua. Kinyume chake, mhudumu anaweza kufanya kila jambo kwa usahihi na mgonjwa akafariki. Anayepima kazi kwa matokeo ya siku moja atamsifu asiyestahili na kumlaumu asiye na hatia.

Kuna jambo jingine linaloendana na hilo. Vipimo vya mwili hupanda na kushuka. Mtu akipimwa siku ambayo shinikizo lake la damu liko juu kupita kawaida yake, kuna uwezekano mkubwa kwamba kipimo kinachofuata kitakuwa chini kidogo, hata asipotumia dawa yoyote. Anayekunywa dawa ya mitishamba kati ya vipimo hivyo viwili ataishukuru dawa hiyo. Kwa sababu hiyo wataalamu husisitiza mgonjwa apumzike akiwa ameketi kwa dakika 5 kabla ya kupimwa, kipimo kirudiwe, na kwa kawaida uamuzi wa kumwanzishia mtu dawa za maisha utegemee vipimo vya siku zaidi ya moja, isipokuwa shinikizo likiwa juu sana au kukiwa na dalili za hatari.

Asilimia ya timu na sukari ya mgonjwa

Huduma ya kisukari ina kipimo kinachofanana sana na ile asilimia ya ligi ya Australia. Kipimo cha sukari kinachochukuliwa kwenye kidole asubuhi ni kama matokeo ya mchezo mmoja. Kinaeleza hali ya saa hiyo. Mgonjwa anayefahamu tarehe ya kliniki anaweza kupunguza wanga, kumeza dawa kwa uaminifu siku mbili kabla, na kufika akiwa na kipimo cha kupendeza. Atasifiwa, naye atarudi nyumbani kuendelea na mazoea ya awali.

Kipimo cha HbA1c hakidanganyiki kwa urahisi huo. Sukari iliyomo katika damu hujishikiza kwenye himoglobini ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi takribani siku 120. Kwa hiyo kipimo hiki huonyesha wastani wa sukari kwa kipindi cha miezi 2 hadi 3 iliyopita. Hakikumbuki mchezo mmoja, kinajumlisha msimu. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo la kawaida ni chini ya asilimia 7, ingawa daktari anaweza kuweka lengo tofauti kwa mzee, kwa mjamzito, au kwa mwenye magonjwa mengine.

Hata hivyo kipimo hiki nacho kina mipaka ambayo mhudumu wa Afrika Mashariki hana budi kuikumbuka. Upungufu wa damu, ugonjwa wa selimundu na hali nyingine zinazobadilisha maisha ya chembe nyekundu zinaweza kupotosha jibu lake. Hapo mhudumu huhitaji kuunganisha ushahidi: vipimo vya nyumbani vilivyoandikwa kwenye daftari, uzito, macho, miguu, na maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa anayeandika vipimo vyake kwa ukweli, vizuri na vibaya, humsaidia mhudumu kuliko anayeandika vile vya kufurahisha tu.

Kuongoza mapema si kumaliza

Kosa la Carlton lilikuwa kuongoza mapema kisha kulegea. Katika tiba, mfano ulio wazi zaidi ni kifua kikuu. Tiba iliyozoeleka kwa mgonjwa mpya, ambaye vimelea vyake havina usugu, huchukua miezi 6: miezi 2 ya kwanza kwa dawa nne za pamoja, na miezi 4 inayofuata kwa dawa mbili. Ndani ya wiki chache za mwanzo wagonjwa wengi hupata nafuu. Homa hupungua, jasho la usiku hukoma, hamu ya chakula hurejea na uzito huongezeka. Mgonjwa hujiona mshindi.

Lakini kupungua kwa dalili si kwisha kwa vimelea. Mwanzoni dawa huua kwa wingi vimelea vinavyozaliana kwa kasi. Hubaki vichache vilivyodumaa, ambavyo huhitaji muda mrefu kuangamizwa. Mgonjwa akiacha dawa mwezi wa pili au wa tatu, vimelea hivyo huweza kuamka, ugonjwa ukarudi, na akawaambukiza wa nyumbani mwake. Kutumia dawa kwa kurukaruka huongeza pia hatari ya usugu, na tiba ya kifua kikuu sugu ni nzito zaidi kwa mwili na kwa familia.

Vivyo hivyo kwa shinikizo la damu. Mgonjwa husema, «Nimepima, imeshuka, nimepona.» Mara nyingi imeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Akiacha, itapanda tena bila kumpa ishara yoyote, hadi siku ya kiharusi. Mhudumu anayempa mgonjwa habari njema ya kipimo kizuri ana wajibu wa kuongeza sentensi moja: kilichokufikisha hapa ndicho kitakachokudumisha hapa.

Wajibu wa wahudumu: kuujadili ushindi

Hospitali nyingi zina utaratibu wa kujadili vifo, hasa vifo vya wajawazito na watoto wachanga. Ni utaratibu muhimu. Hata hivyo, somo kubwa hupotea pale mgonjwa anaponusurika kwa tundu la sindano na faili lake likafungwa kwa sababu «tulishinda». Mama aliyevuja damu nyingi, akakosewa kundi la damu, kisha kosa likagunduliwa dakika ya mwisho, ameruhusiwa kwenda nyumbani akiwa hai. Kosa lililotaka kumuua halijaruhusiwa. Limebaki wodini likimsubiri mwingine. Shirika la Afya Duniani kwa sababu hiyo hupendekeza pia mapitio ya matukio ya wajawazito walionusurika kifo kwa karibu.

Umuhimu wa kufuata hatua zote, hata pale mambo yanapoelekea kwenda vizuri, ulionekana katika utafiti wa orodha ya uhakiki wa usalama wa upasuaji ya shirika hilo, uliochapishwa mwaka 2009. Hospitali 8 za nchi mbalimbali zilishiriki, ikiwemo ya Ifakara nchini Tanzania. Kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani, timu ilitamka kwa sauti mambo ya msingi: jina la mgonjwa, mahali pa kupasua, mzio, antibiotiki, hesabu ya vifaa. Vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mambo hayo kila mpasuaji aliyajua tangu zamani. Kilichoongezwa ni kuyafanya kila mara, hata siku ambayo yangeachwa na mgonjwa akapona.

Kikao chenye manufaa huuliza maswali matatu baada ya kisa chochote, kizuri au kibaya. Nini kilifanyika sawasawa na kinapaswa kurudiwa? Nini kiliachwa, hata kama hakikuleta madhara safari hii? Je, jambo hili limewahi kutokea kabla? Swali la tatu ndilo walilouliza mashabiki wenye mashaka wa Carlton, na ndilo lenye uzito zaidi. Maswali hayo yaulizwe bila kutafuta wa kuadhibiwa, la sivyo watumishi wataficha matukio.

Moyo wa shabiki

Michezo ya alama 1 ina gharama nyingine, nayo humwangukia anayetazama. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006 nchini Ujerumani, watafiti walifuatilia dharura za moyo katika eneo la Munich, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura hizo zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Wanaume waliathirika zaidi ya wanawake, na nyingi zilitokea ndani ya saa 2 tangu mchezo kuanza. Waliokuwa tayari na ugonjwa wa mishipa ya moyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Msisimko mkali humwaga homoni zinazoharakisha mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo. Ukiongeza pombe, sigara, chakula chenye chumvi na usingizi uliokatishwa, mzigo huwa mkubwa. Mgonjwa wa moyo au wa shinikizo hahitaji kuacha kuishabikia timu yake. Anahitaji kumeza dawa zake kwa wakati siku ya mchezo kama siku nyingine, kuepuka sigara na ulevi, kutotazama akiwa peke yake, na kuinuka na kutembea kidogo akihisi amezidiwa. Maumivu au mgandamizo wa kifua, maumivu yanayosambaa mkononi au kwenye taya, kukosa pumzi, jasho la baridi au kizunguzungu ni sababu ya kwenda hospitali mara moja. Asisubiri filimbi ya mwisho.

Mambo ya kukumbuka

Kwa mgonjwa: kipimo kimoja kizuri ni cha kufurahiwa, lakini kisikufanye ubadilishe au uache dawa bila kuzungumza na mhudumu wako. Andika vipimo vyako vyote. Kamilisha tiba hata ukijisikia mzima. Ukiulizwa kama umewahi kuruka dozi, jibu kwa ukweli, kwa kuwa tiba hupangwa kwa kutegemea jibu hilo.

Kwa mhudumu: mpongeze mgonjwa kwa mwenendo, si kwa namba peke yake. Uliza alivyofika kwenye kipimo hicho. Chunguza visa vilivyoenda vizuri kwa umakini ule ule unaotumia kwa vilivyoenda vibaya, na uweke kumbukumbu za kasoro ndogo kabla hazijajumlishwa.

Mashabiki wa Carlton walioshangilia Aprili ile hawakukosea kushangilia. Alama 4 zilikuwa zao kwa halali. Waliohoji nao hawakuwa maadui wa timu, kwa kuwa mtu huhoji anachokipenda na asichotaka kukipoteza. Chumba cha daktari kinahitaji sauti zote mbili: ile inayompa mgonjwa moyo kwa hatua aliyopiga, na ile inayomwambia, kwa upole na kwa uwazi, kwamba bado kuna robo za kucheza.